Kamera Iliyonizidi

Mume wangu alianguka kazini, katikati ya harusi ya watu, kamera ikiwa bado usoni. Walionipigia simu waliniambia kwanza kwamba kamera imevunjika, ndipo wakasema kwamba mwenyewe hawezi kusema. Kilikuwa kiharusi. Kilichukua sauti yake na mkono wake wa kulia.

Tulikuwa na studio ndogo ya picha mtaani Nyakabiga, chumba kimoja chenye pazia jeupe na pazia la buluu. Kazi yangu pale ilikuwa kupokea wateja, kuwapa kitambaa wajifute jasho, na kukata picha za pasi kwa mkasi. Kamera sikuwahi kuigusa ila kuifuta vumbi. Lakini kulikuwa na familia moja ya Kigobe tuliyoiahidi kupiga picha za gusaba, siku ambayo ukoo wa mvulana unakwenda kumwomba mchumba kwao. Nikajua nikiwaambia watafute mtu mwingine, na wengine watafuata, na studio itakuwa imekwisha. Nikaamua kununua kamera na kupiga mwenyewe.

Mjini kuna mzee mmoja Mwarabu ambaye mume wangu alikuwa akinunua vitu vyake kwake tangu ujana. Nilipomweleza yaliyotupata, alisema, "Subhanallah. Pole sana, mama." Kisha akaweka kamera mbili juu ya kioo cha meza. Moja ilikuwa nzito, nyeusi, ndugu kabisa ya ile iliyovunjika. Nyingine ilikuwa ndogo, nyepesi, ikitoshea kiganja changu.

"Nani atapiga nayo?" akaniuliza.

"Ni mimi."

"Weye! Umeshapiga picha?"

"Apana. Mi nilikuwa nakata tu."

Akaisukuma ile ndogo mbele yangu. "Basi chukua hii. Hii ni ya mutu mwenye anaanza. Unaweka hapa kwenye alama ya kijani, yenyewe inatafuta mwanga. Ile kubwa haina alama hiyo. Inangoja weye uiambie kila kitu."

Nilipiga picha ya kamera zote mbili kwa simu, nikamwambia nitarudi, nikaenda hospitali huko Kamenge. Mume wangu alikuwa macho. Nilikaa upande wake wa kushoto, nikashika mkono uliokuwa mzima.

"Papa, angalia. Nikinunua hii kubwa, nifinye."

Akanifinya.

"Na hii ndogo?"

Akanifinya tena, vilevile. Nikarudia kwa kugeuza, ndogo kwanza, kubwa baadaye. Akafinya zote mbili. Nilimtazama machoni nione kama ananielewa, sikuona kitu cha kunisaidia. Muuguzi akaja kumgeuza, nikatoka nje na simu yangu.

Nilinunua kubwa. Najua kwa nini, ingawa kwa mzee yule nilisema tu kwamba nyumbani tuna lenzi nyingine inayoingia kwenye kamera ya aina ile. Kununua ile ndogo kungekuwa kama kukubali kwamba mwenye kazi harudi. Mzee alitikisa kichwa, akaifunga vizuri ndani ya boksi, akaniambia, "Haya, mama. Mungu akusaidie."

Nilikuwa na siku nne za kujifunza. Nilipiga pazia, nilipiga kiti, nilipiga majirani. Picha moja ilitoka nyeupe kama mtu amemwaga unga, inayofuata ikatoka nyeusi. Nilizungusha kitufe hiki, nikazungusha kile, na nilipopata picha nzuri sikukumbuka nimezungusha nini.

Kule Kigobe walikuwa wamefunga turubai uani. Mwanga uliingia vipande vipande, watu nusu juani, nusu kivulini. Msichana alipotoka kupokewa, wote walinipisha nikae mbele. Nikabonyeza na kubonyeza. Nilipotazama kioo cha nyuma ya kamera, uso wake haukuwepo. Palikuwa na vitenge vinavyong'aa na shimo jeusi juu yake. Nikazungusha kitu. Sasa uso ulikuwepo, lakini kila kitu kilikuwa ukungu.

Shangazi yake msichana akanisogelea. "Mama, tuonyeshe kidogo."

Nikamwonyesha. Hakunigombeza, laiti angenigombeza. Alitoa simu yake mfukoni, akawaambia taratibu waliokuwa karibu, "Na nyinyi pigeni, pigeni tu." Simu zikainuka kila upande. Nilisimama pale mpaka vinywaji vikaisha, ile kamera nzito imening'inia shingoni, kwa kuwa hakuna aliyenifukuza, na sikujua mtu anaondokaje mahali kama pale.

Juma lililofuata nilirudi dukani. Mzee alifungua boksi, akaikagua kamera, akanipa ndogo bila kuniambia kwamba alinionya. Alinifundisha jambo moja tu: nibonyeze nusu, nisikie mlio, ndipo nimalizie kubonyeza. Kwa jambo hilo moja ninapiga picha za pasi mpaka sasa. Harusi hazinijii tena.

Mume wangu alipotoka hospitali tulimwekea kiti studioni. Alipoiona kamera ndogo mkononi mwangu, aliinua mkono wa kushoto na kuanza kutoa sauti, ile ile moja, akirudia.

"Unataka uishike?" Akakataa kwa kichwa.

"Ni mwanga? Nifungue dirisha? Ni mbaya? Nisipige?"

Akakataa yote. Jasho likamtoka, kisha machozi. Nilitaja kila neno la kazi ile nililowahi kumsikia akilisema, na maneno yangu yakaisha. Mlangoni alikuwa amesimama mteja, anataka picha nne za pasi. Nikamkaribisha, nikamkalisha mbele ya pazia jeupe, nikabonyeza nusu. Nyuma yangu mume wangu alikuwa bado anasema lile neno.