Kitako cha Mjozi

Delmar Rustad alikuwa fundi mkerezaji wa kiwanda cha mbao kule bonde la Bitterroot, Montana, mpaka kiwanda kilipofungwa. Akabaki na mashine yake kuukuu ya kukereza chuma gerejini, na mikono iliyoanza kutetemeka. Daktari aliutaja ugonjwa kwa jina lake. Delmar hakulitamka hata siku moja. Alisema tu kwamba anataka kumtengenezea binti yake bunduki.

Binti huyo, Janelle, alikuwa akiwinda naye tangu utotoni, na bunduki alikuwa nayo. Aliinunua dukani ikiwa kamili, na siku hiyohiyo ikapiga pale alipolenga. Alimweleza baba yake kwa upole kwamba asijisumbue.

"Ya dukani imetengenezwa kwa ajili ya mtu yeyote," Delmar alimjibu. "Wewe si mtu yeyote."

"Baba, mnyama hajui nani kaitengeneza."

Delmar alicheka, lakini hakuacha. Sehemu ya katikati, ile ya chuma inayobeba risasi, aliitoa kwenye bunduki ya marehemu kaka yake. Mtutu aliuagiza, akaukereza mwenyewe. Kitako, ile mbao inayoanzia begani na kufika hadi chini ya mtutu, alikichonga kutoka kwenye gogo la mjozi, mti mgumu unaozaa jozi, alilokuwa amelikausha darini miaka mingi. Chuma hakikumsumbua, maana mashine ndiyo iliyokishika. Mbao ilitaka mkono. Mtutu hautakiwi kugusa mbao iliyo chini yake; lazima karatasi ipite katikati. Basi alingoja asubuhi, dawa ikishamtuliza, achonge kidogo, kisha mkono uanze tena naye aweke patasi chini. Karibu na ncha nafasi ilibaki nyembamba mno. Karatasi ilipita kwa shida, akajiambia inatosha.

Kiangazi walienda kuijaribu. Janelle alipiga shabaha, na matundu yakakaribiana hata ungeweza kuyafunika kwa kidole gumba. Delmar alitazama akiwa amekaa nyuma ya pikapu lake, kisha akatabasamu njia nzima ya kurudi.

Novemba, Janelle na mumewe Curt walipanda milimani kuwinda. Ile ya dukani aliiacha kabatini, akabeba ya baba yake kwa kumwonea huruma tu. Mvua ikawanyeshea, ikageuka theluji. Siku ya pili dume la kulungu wa milimani, pembe kama matawi, likasimama ukingoni mwa msitu. Janelle alilala chini, akaegemeza bunduki kwenye mkoba, akalenga nyuma ya bega kama alivyofundishwa. Akafyatua. Dume likajikunja, likaingia mitini. Walifuata damu hadi theluji ilipoifunika. Kesho yake walirudi kutafuta, wasipate kitu.

Nyumbani Janelle alimwambia baba yake kwamba hawakuona hata kulungu mmoja. Curt alikuwa anatazama buti zake. Delmar akaichukua bunduki, akapitisha kipande cha karatasi chini ya mtutu. Karibu na ncha kikakwama. Mbao ilikuwa imekunywa maji, ikavimba, ikausukuma mtutu pembeni.

"Risasi ilimpata wapi?"

"Baba, achana nayo."

"Nakuuliza, ilimpata wapi?"

"Tumboni," Janelle akasema, na machozi yakamtoka.

Delmar hakumlaumu kwa uongo. Akaketi. Mnyama aliyepigwa tumboni huweza kuteseka siku nzima au zaidi kabla ya kufa, na yeye ndiye aliyemfundisha mwanawe kwamba ni afadhali kurudi mikono mitupu kuliko kumwacha mnyama hivyo. Curt akasema suluhisho ni dogo tu, kupunguza mbao kidogo, ama wanunue kitako cha plastiki. Delmar akajibu kwamba mbao ataipunguza mwenyewe.

Alijaribu Januari nzima. Dawa nayo ilikuwa haimtulizi tena kama zamani. Asubuhi moja patasi ilimponyoka, ikaupasua mjozi kuanzia nchani hadi katikati. Akauzungushia kamba, akajua hautashika. Baadaye alipeleka mtutu mjini kuuuza, na muuza bunduki akamweleza kwamba mtutu uliokatwa kwa kipimo cha bunduki moja tu hauna mnunuzi.

Vuli iliyofuata Janelle aliwinda na bunduki yake ya dukani, akarudi na nyama. Akampikia baba yake, akamkatia vipande vidogo, maana hata kisu kilikuwa kimemshinda.

"Alikufaje?" Delmar aliuliza.

"Palepale aliposimama."

"Vizuri."

Akatafuna polepole, Janelle akimshikia sahani isipinduke.