Kaka yangu chotara, ardhi ya Bibi kule Manchira, na kikao kilichoniacha mdomo wazi

Wakuu, heshima kwenu. Wakubwa shikamooni, wa rika langu vipi.

Hiki kimetokea kwetu Manchira, nje kidogo ya Mugumu, na nilikuwepo mwenyewe, nimekiona kwa macho yangu. Mkidhani ni chai basi mtajua wenyewe. Majina nimebadilisha, maana baba yangu mdogo naye siku hizi ana bando. Mimi niiteni Ghati.

Juzi humu kulikuwa na uzi watu wanatoana macho kuhusu rangi. Wengine wanasema mambo ya rangi ni ya Ulaya na Marekani, sisi huku wote weusi, tutabaguana kwa lipi. Wengine wanasema dawa ni kutoiangalia rangi kabisa.

Nilisoma kurasa zote nikacheka peke yangu. Mimi nimekula sahani moja na hilo jambo tangu utoto. Nina kaka chotara.

Nianzie mbali kidogo ili msio Wakurya msipotee.

Bibi yangu, tumwite Bibi Robi, alizaa mabinti watupu, kisha mume wake akafariki. Kwetu nyumba isiyo na mtoto wa kiume inahesabika imefungwa, na ardhi inarudi kwa ndugu za mume. Sasa kuna mila inaitwa nyumba ntobhu. Mwanamke wa namna hiyo anatoa ng'ombe, anaoa mwanamke mwenzake.

Haraka zenu nazijua. Hapana, hawaishi kama mnavyofikiria. Anaoa ili nyumba ipate watoto. Yule aliyeolewa anazaa na mwanamume mwingine, na watoto wote ni wa nyumba ya aliyetoa ng'ombe. Huyo mwanamume hana lake pale.

(Mila hii ina mabaya yake na kuna akina mama wameumia sana ndani yake. Huo ni uzi mwingine, msinihamishie mada.)

Mama yangu ndiye aliyeolewa na Bibi. Akanizaa mimi. Baadaye akamzaa Marwa, na hapo ndipo kijiji kilipopata cha kusema, maana Marwa alitoka mweupe, nywele za kulala. Kulikuwa na mzungu alikuwa anakujakuja kwenye mradi wa maji, akaondoka kabla mimba haijaonekana. Mama hakuwahi kumtaja, na sasa naye ni marehemu.

Kukua na Marwa kulinifundisha mengi wakuu.

Tukiingia dukani yeye anapewa pipi, mimi naambiwa nisishikeshike vitu. Tukifanya kosa moja, yeye anaulizwa kwa nini, mimi nachapwa. Alipokuwa na bodaboda, askari akimsimamisha anamsalimia kwa Kiingereza. Marwa anajibu kwa Kikurya, askari anacheka mpaka anasahau kuuliza leseni. Na Kiingereza chenyewe cha Marwa ni cha kuombea maji.

Simlaumu. Hakuomba. Tena alikuwa anachukia kuitwa mzungu mpaka anarusha ngumi.

Halafu kukaja suala la hoteli. Kuna hoteli moja ya watalii huku kwetu ilitangaza kazi, tukaomba wote wawili. Mimi nina cheti cha mambo ya hoteli, nimesomea mapokezi kabisa. Marwa ana kidato cha nne na ile bodaboda.

Marwa akawekwa mapokezi. Mimi nikapelekwa kufua mashuka.

Nilienda kumuuliza meneja, mwanamama mweusi kama mimi, mtu wa heshima zake. Akaniambia bila wasiwasi wowote, "Dada, sisi hapa hatuangalii rangi. Tunaangalia uwezo." Na wallahi aliamini anachosema. Nilimtazama usoni nikaona hadanganyi. Hilo ndilo lililoniumiza, maana mtu anayedanganya unaweza kumbana.

Nikaacha kazi. Nikafungua kibanda cha chakula pale Mugumu, na hadi leo nashukuru Mungu ugali unatoka.

Sasa tuje kwenye kisa chenyewe.

Bibi aliumwa sana, akalazwa. Baba mdogo, tumwite Mwita, mtoto wa mdogo wake marehemu babu, akaona huyu bibi harudi. Ardhi ya Bibi iko upande wa bwawa la Manchira, na siku hizi kila mtu mwenye pesa anatafuta kiwanja huko. Bibi bado yuko na dripu, mwenzenu Mwita ameshaanza kupima kwa hatua.

Bibi akapona. Nadhani hasira ndiyo ilimponya, lakini madaktari wa humu mtanirekebisha.

Likaitishwa ritongo, ndiyo kikao cha wazee wa ukoo. Jambo lilikuwa moja tu: Marwa ni mtoto wa nyumba ya Robi au siyo. Akiwa siyo, nyumba haina mtoto wa kiume, na Bibi akifa kila kitu kinakwenda kwa Mwita. Mimi sikuwa kwenye hesabu kabisa, mtoto wa kike.

Wanaume walikaa mbele kwenye viti na magogo. Sisi wanawake tulikaa pembeni karibu na ghala.

Mwita hakuwa mjinga. Nilitegemea atamtukana kaka yangu, lakini aliongea taratibu kama mhubiri. Alisema, "Mimi sina shida na rangi ya kijana. Rangi mimi siioni. Ninachosema, huyu kwao kupo. Siku moja baba yake atamtafuta, na ardhi ya babu yetu itaishia Ulaya."

Watu wakaanza kutikisa vichwa wakikubali. Marwa alikuwa ameinama, masikio mekundu, na ukimwona namna ile unajua anatamani angezaliwa kama sisi wengine.

Bibi akaomba kusema. Alikuwa amekonda, ameshikilia mkongojo, lakini ile sauti haikuugua. Aliongea Kikurya, nawawekea kwa Kiswahili.

"Mwita, wewe unasema huioni. Mimi naiona. Siku amezaliwa niliiona nikakaa chini. Nikauliza kama ananyonya, wakasema ananyonya, nikachinja kuku."

Watu wakacheka kidogo. Yeye hakucheka.

"Tangu siku ile naiona kila siku. Akienda kisimani na ndoo, wenzake walikuwa wanampisha, wanasema mzungu apite. Mimi nasimama pale juu, namwita kwa jina lake, namrudisha mwisho wa foleni. Alikuwa analia. Namrudisha hivyo hivyo na machozi yake. Ningesema siioni, angekua anajua kisima ni chake."

Mimi nilikuwa nakumbuka Marwa akilia na ndoo, lakini utotoni nilidhani Bibi ana roho mbaya tu.

"Mlikuwa mnampitisha mbele kwa rangi yake," akasema, "na leo mnataka kumtoa nje kwa rangi hiyo hiyo. Semeni basi kwamba mnaiona, tujue tunaongea nini."

Akakaa.

Mzee aliyekuwa anaongoza kikao aliwageukia wazee wenzake. Halafu akauliza swali moja. "Ng'ombe waliotolewa kumwoa mama wa huyu kijana walitoka zizi la nani?"

Wazee wakajibu pamoja, "La Robi."

"Kijana ametahiriwa na rika gani?"

Wakalitaja. Na baadhi ya walioimba siku ile ya jando walikuwa wamekaa pale pale kikaoni.

Akasema, "Mweupe tumemwona. Hakuna aliyepofuka hapa. Ni mtoto wa Robi." Ikaisha.

Wakuu, nilisisimka mwili mzima. Nimekaa ofisini kwa watu wenye digrii wakaniambia hawaangalii rangi, na rangi ikawa inapanga kila kitu. Halafu hawa wazee wa kwetu, wengine hata kusoma hawajui, wameitazama ngozi ya kaka yangu mchana kweupe, wakaitaja kwa jina, wakaiweka pembeni. Sikujua kitu hicho kinawezekana. Nililia bila aibu pale kwenye ghala.

Ningeweza kuishia hapa mkanipa likes zenu. Lakini niliahidi ukweli.

Marwa alisimama kushukuru. Akasema kwamba ardhi ile angependa tugawane, yeye na dada yake.

Kikao kikacheka. Hawakucheka kwa ubaya, walicheka kama mtu anavyomcheka mtoto. Mzee akamwambia, "Mura, kijana wangu, dada yako ataolewa. Atapata kwa mume wake."

Sijui nilisimama saa ngapi. Nilijikuta niko wima. Nikasema, "Shikamooni wazee. Mimi na huyu tumenyonya titi moja, na ng'ombe ni wale wale. Rangi mmeiona mkaikataa. Mimi nakosa kwa lipi?"

Yule mzee ni mtu mpole, hakunigombeza. Aliniambia, "Mwanangu, swali lako ni zuri. Lakini siyo la leo."

Nikamwangalia Bibi. Huyu ni mwanamke aliyeoa. Mila ilipinda ikampisha yeye, akawa mwenye mji. Nilimsubiri aseme neno moja tu.

Hakusema. Soda zikagawiwa, watu wakatawanyika.

Usiku ule nilikuwa na hasira na Bibi kuliko na Mwita, maana Mwita sikuwa natarajia kitu kwake.

Asubuhi nikasikia mkongojo unagonga mlango. Bibi yuko nje, na Marwa nyuma yake amebeba jembe na miche ya mkonge, ile tunayopanda kwenye mipaka. Bibi hakunisalimia wala hakueleza. Alitangulia, sisi tukamfuata mpaka shambani.

Akasimama katikati ya shamba, akamwonyesha Marwa pa kuanzia na pa kuishia. Marwa akachimba. Mche wa kwanza Bibi aliupanda mwenyewe, amepiga magoti, mkongojo ameulaza pembeni. Nilitaka kumsaidia akanisukuma.

Alipomaliza akanionyesha upande ulio wangu. Upande wa bwawani, ule ule Mwita aliokuwa anaupima.

Kisha akaniambia, na bado amepiga magoti, "Rangi ya kaka yako niliiona kwa sababu watu waliipigia kelele. Wewe hakuna aliyekupigia kelele. Sikukuona."

Nimeishi dunia hii miaka zaidi ya thelathini, sijawahi kuombwa radhi na mtu mkubwa kwangu. Nikapiga magoti nikaendelea na mche wa pili.

Serikali ya kijiji imeshapewa taarifa, na sheria ya nchi najua inanipa haki, kwa hiyo wanasheria msinijazie vifungu. Wazee wengine wamenuna. Mwita hanisalimii, na mimi nimempumzisha. Nimepanda mihogo.

Nilichojifunza: anayeniambia haoni rangi, haoni jinsia, haoni kabila, simwamini tena hata akiwa mtu mwema. Ninamtaka anayeona halafu anatenda haki hivyo hivyo. Na hata huyo, hata awe na macho kama ya Bibi yangu, bado kuna mtu amekaa kimya karibu naye kabisa ambaye hamwoni.

Karibuni mchangie, hata wa kunipinga. Ila kabla hujaandika, pita kwanza hapo nyumbani kwako, sebuleni, jikoni, uani. Nani yuko hapo ambaye hujawahi kumwona?