Dumu Lisilo na Mstari

Lesian alikulia magharibi ya Mlima Meru akichunga ndama. Siku hizi anachunga panya. Ni panya weupe wa maabara moja ya utafiti huko Sakina. Hunyweshwa maji yenye kemikali mpaka saratani iwaote tumboni, ili watafiti waone kama dawa yao itaizuia. Kazi hiyo haisimulii nyumbani. Kuna siku kidole chake kiligusa uvimbe chini ya mbavu za panya, mgumu kama punje ya mahindi, na siku hiyo hakula chakula cha mchana.

Maji ya kemikali hukaa kwenye madumu yenye mstari wa wino mwekundu. Hayo yakiisha hutobolewa na kuchomwa. Yasiyo na mstari ni ya maji safi, na moja likichakaa, anayelitaka hulibeba kimyakimya. Jumamosi Lesian alimpelekea mama yake moja.

Jumatatu asubuhi mwenzake, Solomoni, alikuwa akifuta madumu kwa spiriti.

"Mzee wa ng'ombe, njoo uone!" alisema akicheka. "Huu wino wenu ni wa kuchorea watoto? Nimepitisha kitambaa tu, haupo."

Lesian alilitazama dumu lile, jeupe, halina alama yoyote. "Ijumaa pia ulifuta?"

"Kila Ijumaa nafuta, ila spiriti hii nimeianza Ijumaa hiyo. Kwani vipi?"

Lesian alitoka mbio. Alidandia bodaboda, koti la maabara bado mwilini.

Jikoni kwa mama yake, Namnyaki, kulinukia moshi.

"Shikamoo, yeyo."

"Marahaba. Umefukuzwa kazi, au leo umekuwa daktari?" Alilicheka lile koti. "Kaa unywe. Dumu lako nimelifukiza kwa oloirien, kama kibuyu. Maziwa yamelala humo vizuri."

Kwao moshi wa mti huo ndio usafi wenyewe. Chombo kikishafukizwa, hakuna anayeuliza kilikotoka.

Lesian alilichukua dumu, akatoka nje, akayamwaga maziwa yote kwenye majivu.

"Lesian!" Mama alisimama mlangoni. Maziwa aliyoyakama kwa mikono yake, yamemwagwa mbele ya macho yake na mtoto wake mwenyewe. "Nimekukosea nini?"

Akamweleza palepale, amesimama: panya, maji, mstari uliofutika. "Sina hakika, yeyo. Huenda lilikuwa safi."

"Na moshi?"

"Moshi hauondoi kitu hicho."

Namnyaki alikaa kigodani taratibu. "Jana jioni nilikunywa kikombe. Leo asubuhi kingine." Akauliza: "Hao panya wako, wanakunywa mara moja tu?"

"Hapana! Kila siku, wiki nyingi." Alijibu haraka mno, akajisikia anavyombembeleza. "Twende kwa Dokta Penina, mkuu wangu. Yeye atajua."

"Ukimwambia ulilitoa wewe, si atakufukuza?"

"Atanifukuza." Akampa mkono ainuke.

Hakuinuka. Alikuwa akitazama uzio, upande wa jirani yao Yiamat.

"Tupitie pale kwanza," alisema kwa sauti ya chini. "Kitindamimba wao alikuja asubuhi. Nilimpa kikombe kimejaa."

Walivuka migomba bila kusemezana. Karibu na mlango Namnyaki akapunguza mwendo, akamwacha mwanawe atangulie.

"Useme wewe. Mimi sitaweza."

"Hodi," Lesian akaita.

"Karibu, baba, karibu!" sauti ya mke wa Yiamat ikaitikia kwa furaha. "Pita ndani, ndiyo kwanza tunakula."