Mpira ulioandikwa TABU chini ya dashibodi ya gari ya marehemu baba

Habari za saa hizi wakuu, na shikamooni mlionizidi umri.

Humu huwa napita kusoma, nacheka, naondoka. Leo nina langu, na sitatia chumvi. Atakayebisha nitamwekea picha ya mpira wenyewe.

Mimi ni mwanamke, naishi Tanga mjini, kwetu Lushoto. Marehemu baba aliacha Datsun ya zamani, sports car ya pua ndefu, viti viwili tu. Sisi watoto hatukuipenda. Kila ilipotoka ni yeye na mama, sisi tunabaki kuchambua maharage.

Mwezi wa saba nilipanda kumchukua mama ahamie kwangu. Baridi yabisi imemkamata magoti, na baridi ya kule juu mwezi huo si ya mchezo.

Akakubali, kwa sharti moja: kwanza nimpeleke Mlola akamuage dada yake, na twende na gari ya baba.

Nikamwambia tukodi gari nzima. Akasema basi Mlola haendi, na Tanga haji pia. Mama zenu mnawajua.

Betri mpya, kabureta ikasafishwa, gari ikawaka. Shida ikabaki hita. Bila hita kioo kinajaa ukungu huoni kona, na magoti ya mama yanaganda.

Nikalala chali chini ya dashibodi, tochi mdomoni. Nikakuta mipira mitatu ya vacuum imechomolewa, inaning'inia.

Kwa msiojua: kwenye gari hii injini inanyonya hewa kupitia mipira hiyo myembamba, na ule mnyonyo ndio unaofungua vimilango vya hita. Ukiacha mpira wazi, injini inakohoa.

Baba alikuwa anabadilisha mipira iliyochakaa alipoanza kuumwa. Hakurudi tena pale chini. Ila alikuwa mtu wa mpangilio. Kila mpira aliuzungushia plasta ya hospitali na kuandika kwa kalamu.

Wa kwanza KIOO. Wa pili MPEHO, yaani baridi kwa Kishambaa chetu. Wa tatu TABU.

Wakuu, ule mwandiko ulinimaliza. Ile K yake yenye mkia. Nililala pale muda mrefu bila kugusa kitu, namkumbuka baba yangu.

Nikaita fundi wa pale sokoni. Tukachukua bomba la sindano, sindano tumetoa. Unalichomeka kwenye mpira, unavuta, unasikiliza kimlango gani kinagonga. KIOO ukagonga juu. MPEHO ukagonga pembeni, hewa ya nje ikaingia. Hiyo miwili tukaichomeka mahali pake.

Nilipoushika wa tatu, fundi akanizuia.

"Dada, mzee mwenyewe kaandika tabu. Wewe unautafutia nini?"

Ikaniingia. Tukauziba kwa skrubu, tukanawa mikono. Nikajiona fundi kweli kweli.

Asubuhi tukaondoka. Kioo cheupe kabisa, najisifu moyoni. Mama kajifunga shuka miguuni.

Tulipoingia msituni akauliza mbona joto halishuki chini. Nikamweleza huku nacheka, kwamba baba katuachia mpira mmoja mkorofi mpaka kauandika TABU, tumeuziba.

Hakucheka. Akaniambia nisimamishe gari. Nikadhani ni magoti.

"Tabu ni mimi," akasema.

Wakuu, mama yangu namjua kwa jina la Halima, ndilo la kwenye kitambulisho. Kumbe bibi yake alimwita Tabu kwa sababu alizaliwa kwa shida, na alipoanza madrasa wakambadilishia. Dada yake humwita "mdogo wangu". Aliyebaki na jina hilo ni baba, na alilitumia ndani ya gari ile tu, wakiwa wawili. Umri wangu wote sijawahi kulisikia.

Ule mpira ndio unaopeleka joto kwenye miguu ya anayekaa kushoto.

Nikashuka, nikapiga magoti kwenye tope na gauni langu, nikaingiza kichwa chini ya dashibodi. Mama akainua miguu. Nikang'oa skrubu, nikauchomeka. Kimlango kikagonga.

Mama akavua viatu, akavua na soksi, akaweka miguu pale kwenye joto.

Akanisimulia kwamba tangu alipoolewa, kila wakipita msitu ule baba alikuwa anamuuliza, "Tabu, joto limefika?"

Kisha akainamia dashibodi.

"Limefika," akasema. Hakuwa ananiambia mimi.

Nililia mpaka kifua cha gauni kikalowa, siwafichi. Tulifika Mlola tumechelewa, mama mkubwa akatugombeza.

Sasa tupo Tanga, na kwa joto hili hita haina kazi. Lakini jioni mama huniomba funguo, anaenda kukaa kiti cha kushoto, gari imezimwa. Juzi nilimuuliza kama naweza kumwita Tabu. Akakataa. Akasema jina lile lina mwenyewe.

Nilichojifunza: kabla hujaziba mpira kwenye gari ya marehemu, muulize kwanza aliyekuwa anakaa pembeni yake.

Ile plasta inaanza kubanduka kwa joto la huku na wino unafifia. Mwenye kujua cha kuishikisha bila kuharibu maandishi anisaidie. Na kama wewe ulishakuta mwandiko wa mzazi mahali usipotegemea, tuambie palikuwa pameandikwa nini.