Mstari Uliofutwa Ukurasa wa Nne

Tsigereda alikuwa na kiburi kimoja tu maishani, nacho kilikuwa ufupi. Miaka tisa alikuwa akiandika miongozo ya programu za kompyuta katika ofisi moja ya Addis Ababa, ghorofa ya tatu juu ya duka la keki, na kila mwongozo wake ulikuwa mwembamba kuliko wa mwenzake yeyote. Watu hawapendi kusoma, alizoea kusema, tusiwachoshe. Hata mama yake hakujua hasa anafanya kazi gani. Majirani aliwaambia binti yake anaandika vitabu, na binti hakumsahihisha.

Mwaka ule aliandika mwongozo wa programu ya vituo vya afya. Ukurasa wa nne ulimweleza msimamizi namna ya kuunda kundi la watumiaji: lipe kundi jina, chagua wanachama, chagua mafaili wanayoruhusiwa kufungua, andika tarehe ya mwisho wa kundi, hifadhi. Chini yake akaweka tahadhari ya mstari mmoja: tarehe iandikwe kwa kalenda ya Kizungu. Maana kwa kalenda yao ya Kihabeshi, iliyo nyuma kwa miaka saba au minane, mwaka ulikuwa 2016, na kwa kompyuta 2016 ilikwisha kupita zamani.

Mstari ule ukamwagikia ukurasa wa tano.

"Huu wa nini?" akauliza Binyam, aliyeitengeneza programu yenyewe, kasimama nyuma ya kiti chake na keki mkononi. "Nani asiyejua kwamba kompyuta inahesabu Kizungu?"

"Hakosekani mtu."

"Basi huyo asipewe kompyuta, dada yangu. Apewe ng'ombe!"

Wakacheka. Tsigereda akaufuta mstari, ukurasa ukakaa vizuri, naye akafurahi. Alifurahi kweli, na hilo ndilo linalomuuma mpaka leo.

Baada ya wiki tatu akapigiwa simu. Ofisini walikuwa kwenye duru ya pili ya kahawa, bakuli la bisi mezani.

"Binti, naitwa Engida, mtunza kumbukumbu wa kituo cha afya huku Debre Birhan. Namba yako nimeiona kwenye mwongozo. Mwongozo mzuri, Mungu akubariki. Ila nimeunda kundi la wauguzi, na kompyuta inawakatalia kuingia."

"Umefuata hatua zote, Gashe?" akauliza Tsigereda, kwa neno la heshima waitwalo wanaume wazee.

"Zote, kama ulivyoandika."

"Hebu soma tena ukurasa wa nne, Gashe. Polepole."

"Nitasoma, mwanangu. Labda ni haya macho yangu."

Akarudi kwenye kahawa yake. Hakumuuliza ameandika tarehe gani. Swali lenyewe lisingemaliza hata nusu dakika.

Siku mbili nzima wauguzi hawakuweza kufungua kadi za chanjo, na akina mama wakarudishwa na watoto migongoni katika baridi ya Debre Birhan. Binyam akatazama kutoka Addis, akaiona tarehe ya Kihabeshi, akairekebisha bila kusema neno. Kisha mkuu wa kituo akapiga simu, sauti ikasikika meza nzima: je, kosa ni la mwongozo, au ni la huyu mzee wao? Binyam akamkanyaga Tsigereda mguu.

"Mwongozo hauna kosa," akasema Tsigereda. Na hakika, kila kilichoandikwa mle kilikuwa sahihi.

Miezi minne ilimchukua kupata ujasiri wa kupanda basi la Debre Birhan. Alimkuta Engida stoo, alikohamishiwa baada ya kosa lile, mzee mwembamba mwenye shuka nzito mabegani, akigawa mifagio na glovu. Mzee alipolisikia jina lake alisimama, akampanguzia kiti.

"Wewe ndiye mwandishi! Kaa, kaa, mwanangu."

"Gashe, kosa lilikuwa langu. Tarehe ilitakiwa iwe ya Kizungu. Nilikuwa nimeandika hivyo, halafu nikafuta. Na mkuu wako alipouliza, nikasema mwongozo hauna kosa."

Engida akaziweka glovu chini.

"Kwa hiyo sikuwa mjinga," akasema hatimaye.

"Hukuwa."

"Mke wangu nilimwambia akili imezeeka. Nilimwambia kwa kinywa changu mwenyewe. Mkuu umemwambia?"

"Nimetoka kwake sasa hivi."

"Amesemaje?"

"Anasema nafasi yako ilishapata mtu."

Mzee akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyelijua jibu. Akafungua droo, akautoa mwongozo, umevishwa nailoni usichafuke. Ukurasa wa nne ulikuwa umenyofoka, pembe zake zimelainika kwa vidole, na ukingoni palikuwa na vijistari vingi vilivyopangwa safu. Tsigereda akadhani ni idadi ya mifagio.

"Hivi ni nini, Gashe?"

"Si uliniambia nisome tena? Kila nikimaliza nilitia alama." Akaufuata ukingo kwa kidole. "Za penseli ni za kule ofisini. Hizi za kalamu nimezitia huku stoo."