Dianah na Moyo Uliokuja Umepumzika

“Wewe mwenyewe uliandika moyo wangu hauna kasoro,” Rai Chome anasema, huku akiigonga karatasi kwa kidole. “Muhuri wenu huu hapa. Leo waniambia nipande ngazi kama mtoto wa shule. Kosa langu nini?”

“Kosa si lako, mzee Rai. Ni langu,” anajibu Dianah Kaindi bila kuinua macho kutoka kwenye mashine.

Ni saa tatu asubuhi, Jumanne, katika kliniki moja ya binafsi kando ya barabara kuu ya Ukunda. Wajawazito wanne wamejipanga kwenye benchi la nje, na hakuna anayejifanya hasikii. Mashine kwa kweli ni yao. Ilinunuliwa kuwatazama watoto tumboni, na wanaume wengi wa hapa bado wanaona haya kulala kwenye kitanda chake. Rai alipokuja wiki iliyopita, jirani yake alimwuliza ana miezi mingapi.

Dianah, mwenye miaka thelathini na minane, ni fundi wa picha za mawimbi ya sauti. Alizaliwa Kitui, akasomea stashahada Nairobi, akashuka Pwani mwaka 1986. Baada ya vurugu za mwaka jana dhidi ya watu wa bara, wengi wao walifunga virago. Yeye aliwapeleka watoto wake wawili kwa mama yake, akarudi kazini juma lililofuata. Tangu Machi mwaka huu wa 1998, kliniki ilipopata kifaa cha kupimia moyo kilichokwisha kutumika kwingine, ameipiga picha mioyo thelathini na mmoja.

Wa mwisho ulikuwa wa Rai, mgema wa Bongwe mwenye miaka hamsini na mmoja. Alikuja ameoga, amevaa shati la sikukuu. Siku mbili nzima alikuwa hajapanda mnazi. Alimwachia binamu yake, kwa kuwa kwake yeye mtu haendi hospitali na jasho la kazi. Moyo ulionekana ukipiga sawasawa. Dianah akaandika, daktari akatia muhuri, Rai akarudi kwenye minazi yake kumi na minne, ambayo maua yake lazima yakatwe ncha asubuhi, adhuhuri na jioni. Ukiruka zamu, ua hukauka na tembo, pombe yenyewe ya mnazi, hukatika.

Juzi Dianah alikutana sokoni na Mbeyu, mkewe Rai. Alimwuliza habari za mzee kwa adabu tu. Mbeyu akamweleza kwamba mzee, akifika katikati ya mnazi wa sita, husimama akaukumbatia mti, kifua kimebana, mkono wa kushoto umekufa ganzi. Akishuka na kukaa kidogo, yanapita. Dianah aliondoka bila muhogo aliokuja kuununua.

“Nilikosa usingizi,” anasimulia. “Mishipa inayoulisha moyo ikianza kuziba, moyo uliopumzika bado hupata damu ya kuutosha. Hausemi kitu. Utume kazi, ndipo kile kipande kinachokosa damu kitachelewa kupiga. Na mishipa yenyewe mashine yangu haiioni, inaona msuli tu. Hayo nilifundishwa. Kisha nikampima mgema aliyetoka likizo.”

Ndiyo maana amemwita Rai tena apande ngazi, na ubishi wa leo umetoka hapo. Daktari Feisal, mwenye zamu, naye hakukubali upesi. Aliuliza mtu huyu akianguka ngazini watamweleza nini Mbeyu. Dianah akamjibu kwamba akianguka kutoka mnazini hakuna atakayeulizwa. Wakaafikiana: daktari apande naye bega kwa bega, dawa mfukoni, na kifua kikianza kubana, basi.

Ngazi ni ishirini na mbili, hadi kwa fundi cherehani aliye ghorofani. Rai anapanda, anashuka, anapanda tena. Mara ya kwanza anawatania wajawazito kwamba leo uchungu umemshika yeye. Mara ya nne hatanii. Anaweka kiganja kifuani.

“Basi. Kitandani,” anasema Dianah. “Ubavu wa kushoto. Upesi, mzee wangu, sina dakika mbili.”

Hana, kweli. Moyo ukitulia, habari yote inapotea. Anampaka jeli, anakikandamiza kifaa katikati ya mbavu. Kwenye kioo, kuta za moyo zinajikunja kwa kasi, zote ila sehemu moja karibu na ncha. Hiyo imelegea, inafuata nyuma kama mvuvi aliyechoka kuvuta wavu wa juya. Daktari Feisal anainama, anatazama, kisha anampa Rai kidonge cha kuweka chini ya ulimi.

Maumivu yakishapoa, Dianah anamwonyesha picha mbili, ya wiki iliyopita na ya leo. Hamfichi. Mshipa haujaziba kabisa, msuli haujafa, na hiyo ndiyo bahati yake. Mombasa kuna daktari wa moyo, aende leo. Mnazi asipande tena mpaka huyo aseme.

Rai anauliza saa. Inakaribia saa tano. Anasema ataenda Ijumaa. Zamu ya adhuhuri ya leo lazima akate mwenyewe, maana binamu yake amekwenda Lunga Lunga.

Mbeyu, aliyekaa mlangoni tangu asubuhi, anasimama.

“Ua likikauka nitangoja mnazi utoe jingine,” anasema. “Wewe ukikauka nitangoja nini?”

Rai anatazama sakafu. Anasema huko Mombasa hamjui mtu. Ataketishwa kwenye benchi mpaka jioni, arudi na karatasi nyingine yenye muhuri.

 Dianah anasema mpango wake ni kuwaita tena wale thelathini wengine, wavuvi na wabeba mizigo, awapime wakiwa na jasho mwilini. Ataanza kesho. Anavua koti jeupe. Anawaomba radhi wajawazito, na mmoja wao anamwambia aende tu, wao hawazai leo. Daktari Feisal anamaliza barua, Dianah anaiingiza mkobani pamoja na picha zote mbili, anazima mashine, anamshika Rai mkono.

Saa tano na dakika kumi wako ng’ambo ya barabara, yeye, Rai na Mbeyu, wanasimamisha gari la Likoni, kwenye feri ya kuvukia Mombasa.