Maji Yanayokwenda na Jiwe la Bibi

Bibi yangu mzaa mama hakuwahi kukubali jibu la kwanza, na nadhani ndiye aliyeniambukiza ugonjwa wa kuuliza maswali. Miaka ile ya ruksa, maduka ya Sumbawanga yalipoanza kujaa redio, mitumba na kalenda za rangi, tulimtoa kijijini kwake Kasense tukamleta mjini kwa sababu ya mguu uliomsumbua. Akawa anakaa barazani kwetu, akimkosoa kila anayepita.

Siku moja mgeni akamwambia kijito chake kimekauka. Katika kijito hicho ndimo alimokuwa akizamisha gunia la ulezi ili uchipue kwa ajili ya pombe, akilifunga kwenye jiwe lililokuwa chini ya maji. Utotoni nililijua jiwe lile kwa nyayo tu, sikuwahi kuliona. Nyumba nzima ilimwambia maji bado yapo.

"Mnanibembeleza," alisema. "Kama yamekauka, sina pa kurudi. Semeni tu nijue."

Iliniuma, kwa sababu alisema bila kufoka, na bibi yule kutofoka haikuwa kawaida yake. Wakati huo nilikuwa najifunza kazi kwenye studio ya mzee mmoja aliyeng'ang'ania picha nyeusi na nyeupe huku wenzake wakituma filamu za rangi Mbeya. Nikaazima kamera, nikapanda baiskeli hadi Kasense. Kijito kilikuwepo, ila kimekonda, na jiwe la bibi lilikuwa nje, kavu kabisa. Nikapanda juu kidogo ya jiwe, nikapiga picha penye maji ya kuridhisha.

Bibi aliisogeza picha karibu na pua.

"Haya yamesimama, mume wangu. Dimbwi lolote hapa mjini liko hivi hivi."

Alinikera, na papo hapo akanifurahisha, maana alisema kweli. Matone yalikuwa yameganda hewani kama punje za chumvi. Sasa mwendo unaingiaje kwenye karatasi? Nilimuuliza mzee wa studio. Akasema niliache jicho la kamera wazi kwa muda, maji yatajichora yenyewe. Tatizo ni kwamba mwanga wa mchana utaiunguza filamu. Nilizunguka na swali hilo hadi nikamkumbuka jirani yetu anayechomelea mageti. Alinipa kipande cha kile kioo cheusi cha kukinga macho, nikakifunga mbele ya lenzi kwa mpira wa baiskeli. Mzee alicheka mpaka akakaa chini.

Muda niliupima kama tulivyoupima kwenye chumba cha giza, kwa Salamu Maria. Studio haikuwa na saa ya kuaminika, kwa hiyo picha za harusi na za vitambulisho zote zilisafishwa kwa sala. Safari hii niliweka kamera mbele ya jiwe, kwa sababu bila jiwe bibi angejuaje kwamba pale ni kwake? Mara ya kwanza nilisali kama mtu anayewahi chakula baada ya misa, picha ikatoka giza tupu. Nikarudi tena Kasense, nikasali taratibu. Katikati ya sala ng'ombe wa Wasukuma waliohamia karibu wakavuka kijito mbele yangu. Nikamalizia sala kwa hasira.

Lakini picha ilipojitokeza kwenye dawa, nilipiga kelele. Maji yalikuwa yameteremka kama uji unaomiminwa, na ng'ombe wote wamegeuka moshi. Jiwe peke yake lilikuwa limetulia, na ukavu wake unaonekana wazi.

Mzee wa studio alikuwa fundi wa kupaka picha rangi kwa pamba. Alitaka maji yawe ya buluu kama kwenye kalenda, kisha akaninong'oneza, "Jiwe ulipitishie rangi ya udongo, lionekane limelowa. Mama wa watu afurahi." Nilichovya pamba. Nilitamani sana afurahi. Ila nilimfikiria akiisogeza karibu na pua, nikapaka nyasi tu, kijani chepesi, na maji nikayaacha kama yalivyo.

Bibi aliisogeza karibu na pua.

"Huu moshi?"

"Ng'ombe, bibi."

"Afadhali." Kisha kidole chake kikasimama kwenye jiwe. "Hili lilikuwa chini."

"Ndiyo, bibi."

"Ulishindwa kulificha?"

"Niliweza. Sikutaka."

Alifuta macho kwa ncha ya kitenge, na mimi nikajuta kwa nini sikusikiliza ushauri wa mzee. Akarudisha kidole kwenye maji, akakiteremsha nayo polepole hadi ukingoni mwa karatasi.

"Basi kama jiwe ni la kweli, na haya yanakwenda kweli," alisema. "Nitafutie gunia. Liwe dogo, maji yenyewe ni machache."